Zabibu Kwenye Oti za Mama

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ametutangazia leo kwamba msimu wote huu wa mvua tutaanza kazi kabla jua halijachomoza, kwa sababu mchana umeme unakatika na mashine zetu bila umeme ni mapambo. Hakuuliza nani ana mtoto wala nani ana mgonjwa. Alisema huku anakoroga chai, akatupa kisogo, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Kazi yetu ni kutengeneza meno bandia, na leo karakana nzima tulibaki tumeuma meno yetu wenyewe.

Mimi nyumbani nina Mama. Alikuja kukaa kwangu Desemba, daktari alipomng'oa meno ya mwisho, na kila asubuhi namkorogea uji kabla sijatoka. Sasa uji huo niukoroge usingizini? Jiko la gesi mwenyewe haligusi tangu lilipomlipukia likamla nyusi. Mkate haukai, unyevu huu ukiupata siku moja tu, unaota ndevu. Nimerudi nyumbani nimefura. Mama kaniuliza kama mvua inanyesha, nami natiririka maji mlangoni, nikamjibu ovyo.

Jumanne, 5 Machi

Mwenzangu mmoja tunamwita Nta, kwa kuwa kazi yake ni kuchonga nta kabla haijageuzwa meno. Leo kaniambia niache kulialia, nimlowekee Mama oti usiku, ile shayiri ya paketi. Mke wake hufanya hivyo: chupa ya mdomo mpana, oti hadi nusu, maziwa na mtindi kidogo mpaka zizame, asali, kifuniko, friji. Asubuhi zimelainika zenyewe. Hakuna moto, hakuna sufuria, hakuna kugombana na jiko.

Nimejaribu jioni hii. Lakini mke wa Nta haweki kitu kingine, na mimi siwezi kumlisha Mama kitu chenye ladha ya bandeji. Nimetwanga iliki, mdalasini na tangawizi kavu, nikakwangua kungumanga, nikatia karafuu chache. Juu nimemwagia karanga zilizopondwa na zabibu kavu nyingi, kwa sababu Mama na zabibu ni mtu na ndugu yake. Nyumba nzima inanukia. Hasira imepungua kidogo, ila bosi sijamsamehe.

Jumatano, 6 Machi

Nimekuta chupa imeoshwa na kufudikizwa. Mama kasema ni kama dawa ya kikohozi iliyopata adabu. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Jumamosi, 9 Machi

Bosi katundika picha ya Mama ukutani pale wateja wanapokaa. Ni ile ya harusi ya mwezi wa Januari, Mama anacheka kinywa wazi, meno yote yamepangana. Kasema wateja wakiuliza tunaweza nini, tuwaonyeshe huyu. Nilijitia sijali, lakini nimepita pale ukutani mara nyingi kuliko kazi ilivyonihitaji.

Meno yale nimeyatengeneza mimi. Kila jino nililichagua kwa kulinganisha na picha ya ujana wake, hata lile la mbele lililomlalia mwenzake kidogo. Sikutaka kuyatengeneza mapema. Dada yangu ndiye aliyenishikia bango. Dada ni mwalimu mkuu, na ukuu huo hauvui hata akija kula. Nilimwambia fizi zikiondolewa meno hunywea miezi mingi, na meno ya bandia yakitangulia yatakuja kupwaya. Akaniuliza kama nataka Mama apigwe picha za harusi ya mjukuu wake akiwa na mdomo wa mfuko mtupu. Daktari akakubali, bosi akakubali, na mimi huyo nikakubali. Lakini yamemkaa. Kila jioni namuuliza kama yanamsumbua, naye anasema hata hayasikii.

Jioni nimemwambia habari za picha ukutani. Akafurahi, akaniambia nimsimulie tena walivyosema watu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Soksi hazikauki.

Jumapili, 17 Machi

Dada kaja. Kafungua friji kama anakagua bweni, kaitoa chupa ya oti, kaiinua kwenye mwanga na kuniuliza kama hiyo ni plasta ya kazini, ile jasi tunayofinyangia mataya. Nimemweleza. Akasema hajapata kuona mtu mzima analishwa chakula baridi ambacho hakijaonja moto, na kwamba Mama hakutulea hivyo. Alisema mbele ya Mama, kwa sauti ya kuwafokea wanafunzi waliochelewa.

Nikapakua nyama. Mama alikula vipande viwili kwa madaha, akitabasamu kila Dada alipomtazama, halafu akasema ameshiba. Dada akaniangalia mimi, kana kwamba shibe hiyo nimeiiba.

Jumatatu, 18 Machi

Mama hakutaka chakula cha jioni. Anasema oti za asubuhi bado zimemjaa. Zimemjaa mpaka jioni? Basi kampuni ya oti nayo impige picha.

Ijumaa, 22 Machi

Sinki la jikoni limeziba. Nimelala chini kwenye maji machafu, nimefungua bomba, na nimeona nini? Zabibu. Zabibu zangu, zimevimba kama kupe, na karanga zimeshikamana nazo kama saruji. Ni za siku nyingi. Kila asubuhi mtu kakaa kwa utulivu, kachambua moja moja, kazitupa, halafu kaniambia ni tamu.

Nimemwita. Nikamwonyesha. Akasema labda zimedondoka wakati wa kuosha chupa. Nikamwambia zabibu hazidondoki kwa kabila zima. Akaziba mdomo kwa kiganja, kama anavyofanya siku hizi hata akiwa hacheki, akaenda chumbani.

Ninaamka gizani. Ninatwanga viungo nikiwa nasinzia. Kama hutaki, sema hutaki.

Jumamosi, 23 Machi

Hatujasemezana mpaka mchana. Nimeweka zabibu tena. Nyingi zaidi.

Jumatano, 3 Aprili

Mama kaomba niongeze karafuu kwenye oti. Hilo tu ndilo aliloomba mwezi mzima. Nimeongeza.

Jumapili, 7 Aprili

Dada kaja na mizani. Si ya unga, ya watu. Kaiweka katikati ya sebule na kumwambia Mama avue ndala apande. Mama kapanda, kashika ukingo wa meza, akawa anatazama dirishani kama abiria. Dada akainama kusoma, akatikisa kichwa, akaniambia nije nione mwenyewe. Kweli kapungua. Nguo nilikuwa naziona zinampwaya, nikijidanganya kuwa zimetanuka kwa kuanikwa ndani.

Dada katoa hukumu papo hapo. Mvua zikiisha hali ikiwa ni hii, anamchukua. Kwake kuna msichana wa kazi, kuna chakula cha moto mara tatu, na mwanzo wa Juni mumewe anaagwa kazini, kutakuwa na wageni wa heshima na Mama atakaa nao mbele. Mama alisema yeye hapa panamtosha. Dada alikuwa ananiambia mimi, na mimi nilikuwa natafuta neno la kumuumiza.

Nililipata. Nilimwambia Mama si kombe la shule kwamba anamtaka kabatini kwake wageni wakija. Akachukua mkoba wake akaondoka. Mizani kaiacha.

Ijumaa, 12 Aprili

Umeme ulikatika usiku kucha, maziwa yakachacha, oti zikatoa povu. Nimezimwaga. Bosi kanikata sehemu ya ujira wa siku kwa kuchelewa. Nta kaniuliza nina nini, nikamwambia nina ndugu.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimebadili. Nimetoa tangawizi, nimezidisha asali, nimesaga zile karanga zikawa laini. Mama akala chupa nzima, nimejua kwa sababu bomba nalikagua siku hizi kama polisi. Karanga sijaziona. Zabibu zipo vilevile, safari hii zimefungwa kwenye karatasi na kusukumizwa chini ya ndoo ya taka. Anajua kwamba nakagua. Nimecheka peke yangu, halafu nikakasirika upya.

Alhamisi, 2 Mei

Karafuu zinakwisha kama zinaliwa na panya. Nilinunua mfuko mzima wiki iliyopita, leo nimekuta chache zimejikunyata pembeni.

Jumapili, 5 Mei

Dada kampandisha Mama mizani tena. Mshale umeshuka. Alinionyesha kwa kidole. Mama alikula nusu ya kiazi, meno yake yaking'aa.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Ukuta wa chumba cha Mama umeota ukungu wa kijani. Nimeusugua. Umerudi.

Ijumaa, 24 Mei

Nimwandike nani leo kwa hasira hii? Nitajiandika mwenyewe.

Asubuhi karakana umeme ulikuwa umekatika, tukawa tunafanya kazi za mikono. Nta alikuwa kwenye kona yake anachanganya dawa ile wanayompaka mtu aliye na kidonda cha fizi, unga mweupe na mafuta ya karafuu. Harufu ilinifikia. Nikawaza, mbona hapa kunanukia kama chumbani kwa Mama. Nikaendelea kusugua taya la plasta nililokuwa nalo mkononi. Halafu mkono ukasimama wenyewe.

Karafuu hutia ganzi. Kila mtu pale karakana anajua. Mimi najua. Mama anakomba karafuu, anachambua zabibu, anakula kilicho laini tu, na tena anakila akiwa peke yake. Mchana na jioni, nikiwepo, anakula vipande viwili na kusema ameshiba. Anaziba mdomo kwa kiganja. Na mimi, fundi wa meno, nilikuwa nimelala chini ya sinki nikitafuta mkosaji wa zabibu.

Niliondoka bila ruhusa. Bosi aliniita, sikugeuka. Nimefika nyumbani nimelowa, Mama kakaa karibu na dirisha, aliponiona akageuza uso upande wa ukutani haraka, akanigeukia tena akiwa ameshavaa meno na tabasamu. Kumbe ndivyo inavyokuwa kila siku nikisikika mlangoni.

Nilimwambia, "Mama, fungua mdomo."

Akasema nimelowa, nikabadilishe nguo kwanza. Nikamwambia sitabadilisha kitu. Akasema nisimfokee, yeye si mtoto wangu. Nikafoka zaidi. Nilimwambia ananifanya mjinga, kwamba Dada ananisimanga kila mwezi kwamba namuua kwa njaa, na yeye kakaa kimya anatabasamu. Nilisema mengine ambayo sitayaandika.

Aliniacha nikamaliza. Halafu akayatoa, la juu na la chini, akayaweka juu ya paja, akafungua mdomo kama anavyofungua mtoto aliyekamatwa na sukari.

Ninaona fizi kila wiki kwenye plasta. Plasta haivuji damu. Fizi za chini zimenywea, na mahali ukingo wa meno yangu ulipokuwa unakwaruza pamechimbika mtaro mwekundu, pembeni pana kidonda cheupe. Karafuu nzima ilikuwa imebanwa shavuni. Zabibu ingeingia pale, angeiona dunia nyeusi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningekwambiaje?" akasema. Bila meno maneno yake yanakuwa na upepo. "Picha yangu iko ukutani huko kwenu. Kila jioni ulikuwa unakuja na sifa. Na dada yako angesema, umeona, hata meno ameshindwa."

Nikamwambia picha ningeitoa. Nikamwambia Dada angesema nini kisicho cha kawaida yake. Nikamwambia, kwa ukali huohuo, kwamba meno niliyatengeneza ale, sikuyatengeneza ili nisifiwe. Tulijua wote wawili kwamba hilo lilikuwa na ukweli nusu.

"Asubuhi nayavua," akasema. "Zile oti zako ndizo zimeniweka hai, Kitinda. Nakaa hapa peke yangu, nayavua, nakula. Ila zabibu, mwanangu. Kila siku zabibu."

Kitinda ni mimi, mtoto wa mwisho. Nilikaa sakafuni na nguo zangu zilizolowa, nikalia kwa hasira, na sijui nilikuwa nimemkasirikia nani. Mama akasema nitaharibu zulia.

Jumamosi, 25 Mei

Nimeitoa picha ukutani. Bosi kauliza kulikoni. Nimemwambia mwenye meno hayavai tena, kwa sababu tulimtengenezea kabla ya wakati, na yeye bosi alikuwepo tulipofanya hivyo. Akasema picha ni mali ya karakana. Nikaikunja nikaitia mfukoni mbele yake. Nta akaanza kukohoa ili asicheke.

Mchana nimempeleka Mama kwa daktari. Kapewa dawa ya kupaka na ameambiwa meno yakae kando mpaka fizi zitulie. Daktari aliongea akitazama makaratasi yake. Nami nikamkazia macho mpaka mwisho, maana naye alikubali.

Jumapili, 26 Mei

Dada kaja na sanduku. La bluu, tupu, lenye magurudumu. Linapita juu ya vigae likipiga kelele kama lina haraka kuliko mwenyewe. Mvua zimekwisha, kasema. Gari liko nje. Kaanza kumhesabia Mama nguo za kuchukua, na lile gauni la harusi lisisahaulike, maana Jumamosi ndiyo sherehe ya shemeji.

Mama alikuwa mezani na chupa yake, anakula oti polepole. Hakuwa na meno. Dada alipoona akasita mlangoni, akaniuliza mimi, si Mama, meno yako wapi.

Nilimwambia. Nilimpa vidonge vyake vyote, vya tangu Januari: fizi zilizonywea, mtaro, karafuu shavuni, vipande viwili vya nyama kila Jumapili kwa ajili ya macho yake. Nilimwambia mizani yake imepima kazi yake mwenyewe. Yeye akanijibu kwamba mwenye kuyatengeneza ni mimi, na kwamba fundi mwenye akili angekataa. Hilo lilinipata sawasawa, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ni kweli nikapandisha sauti. Akapandisha yake. Tulisimama pale watu wazima wawili, tunagombania mdomo wa mtu aliyekaa katikati yetu na kijiko.

Dada akasema basi na yaishe, kosa la nani si hoja. Mama aende, atapumzika, atakula cha moto. Meno atayavaa siku ile ya Jumamosi tu, saa chache, mbele ya wageni. Akikaa bila kuongea sana hayatamuumiza.

Nilifungua mdomo. Mama akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Akamaliza oti. Akakwangua chupa mpaka chini. Akainuka, akalivuta lile sanduku mpaka chumbani, akafunga mlango. Tukasikia kabati linafunguliwa. Dada akanitazama kama mshindi, lakini akaanza kupangusa macho, na mimi nikageukia sinki nikaosha chupa ambayo haikuwa chafu sana. Niliona amekwenda. Nilijua amechoka na kelele zetu, na kwamba kwa Dada angalau hakuna mtu atakayemuuliza kila jioni kama meno yamemkaa.

Akatoka na sanduku limefungwa, mkanda umekazwa. Akalisukuma mpaka miguuni pa Dada. Halafu akarudi kitini pake, akakaa.

"Liko tayari," akasema.

Dada akamwambia avae viatu. Dada akaliinua sanduku, likampandia juu kwa wepesi, karibu limgonge kidevu. Akaliweka chini. Akalifungua palepale sebuleni, magotini.

Ndani kulikuwa na leso iliyokunjwa vizuri, na ndani ya leso, meno.

"Hayo ndiyo uliyoyafuata," Mama akasema, na mdomo wake ulikuwa wazi, hakuuziba. "Nenda nayo. Yakalishe mbele. Mimi nipo hapa nakula."

Dada akaikunja tena leso juu ya meno. Nilidhani siku mwalimu mkuu akishindwa nitafurahi. Sikufurahi. Alifunga sanduku, akasema kwa sauti ndogo kwamba Jumamosi atamletea chakula cha sherehe, kilichopondwa. Mama akasema alete na mumewe. Magurudumu yakapiga kelele mpaka nje.

Nilimgeukia Mama nikiwa na machozi na maneno mengi. Akaniwahi.

"Na wewe usijione," akasema. "Ukiniwekea zabibu tena nahama kweli."

Jumatatu, 27 Mei

Nta kaniuliza kama nitamtengenezea Mama mengine fizi zikitulia. Nimemwambia nitamuuliza Mama. Jioni nimemuuliza. Kasema nisimharakishe, yeye bado anazoea kufungua mdomo.

Bosi bado anaidai picha yake. Ataidai sana.

Nimeloweka oti. Mdalasini, iliki, kungumanga, karafuu kidogo tu. Zabibu nimezila mwenyewe, nimesimama jikoni, nazitafuna kwa hasira.